Milisekunde 120: historia fupi ya umeme unaochelewa moyoni

Leo naweka kando habari za seva na programu huria, nizungumzie mtambo mwingine wa umeme ambao kila mmoja wetu anao kifuani. Wanaonisoma mara kwa mara wanajua jinsi ninavyochukia ucheleweshaji. Ukurasa ukichukua sekunde tatu kufunguka, mtu wa Awendo anayelipia intaneti kwa bando ya shilingi ishirini ameshaondoka. Lakini kuna ucheleweshaji mwingine, mdogo kuliko huo mara nyingi sana, ambao madaktari huutumia kukisia nani yuko hatarini zaidi kati ya watu ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi vizuri. Unapimwa kwa milisekunde, na mpaka wake unaotajwa sana ni 120.

Nimekuwa nikisoma habari hizi kwa miezi kadhaa, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele. Nimegundua kwamba historia yake inafanana sana na historia ya kazi yetu sisi watu wa tarakilishi: kuna bagi zilizodumu miaka ishirini, kuna viraka, na kuna data iliyokusanywa mahali pamoja kisha ikatumiwa dunia nzima. Pia inagusa watu wa kwetu, Migori na Homa Bay, kuliko unavyoweza kudhani.

Kwanza, waya zenyewe

Moyo hauhitaji ubongo kuuambia upige. Juu upande wa kulia kuna kifundo kidogo cha seli kinachotoa umeme wenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kifundo hicho kilielezwa mwaka 1907 na Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack. Umeme hutoka hapo, ukapita vyumba vya juu, ukafika katikati ya moyo na kusubiri. Usubiri huo ni wa makusudi kabisa: ni kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Kituo hicho cha kusubiri kilichorwa vizuri na Mjapani aitwaye Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya kazi Marburg, Ujerumani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1906.

Baada ya kusubiri, umeme huteremka kupitia shina moja, lililogunduliwa na Wilhelm His mwaka 1893. Shina hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto, na mwisho huingia kwenye nyuzi nyembamba ambazo Purkinje alikuwa amekwisha kuziona mwaka 1839, kabla mtu yeyote hajajua ni za nini. Nyuzi hizo ndizo barabara kuu: umeme hukimbia humo kwa mwendo wa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Ukitoka kwenye nyuzi na kulazimika kupita ndani ya nyama ya moyo yenyewe, kutoka seli hadi seli, mwendo unashuka hadi chini ya mita moja kwa sekunde. Ni sawa na kutoka lami ya Rongo na kuingia njia ya shamba la miwa wakati wa masika.

Tawi la kushoto likiharibika, upande wa kulia hupata habari kwa wakati na kukaza. Upande wa kushoto, ambao ndio unaosukuma damu mwili mzima, husubiri umeme uvuke polepole kupitia nyama. Wavuvi wa Mbita wataelewa hili bila mchoro. Mtumbwi wenye makasia kila upande ukiwa na upande mmoja unaochelewa kupiga kasia, watu watachoka sawasawa na siku zote, jasho litawatoka, lakini mtumbwi utayumba badala ya kwenda. Moyo nao ni hivyo hivyo. Nguvu inatumika, damu haiendi.

Kwenye karatasi ya ECG, muda ambao umeme huchukua kuenea vyumba vya chini unaonekana kama mlima mmoja mwembamba unaoitwa QRS. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo wa milimita moja ni milisekunde 40. Mlima wa kawaida una upana wa miraba miwili hadi miwili na nusu. Ukifika mitatu, hiyo ni 120, na daktari ataangalia mara ya pili.

Mashine ya kilo 270

Mtu wa kwanza kurekodi umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua ni Augustus Waller, London, mwaka 1887. Michoro yake ilikuwa hafifu sana. Aliyetupa picha safi ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860, na aliyefanya kazi Leiden. Kuanzia mwaka 1901 alitengeneza kifaa chenye uzi mwembamba mno wa kwatzi uliopakwa fedha, ukining'inia kati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi unatikisika, na kivuli chake kinapigwa picha.

Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Haikuwezekana kuipeleka hospitalini, na wagonjwa mahututi hawangeweza kuletwa maabara. Einthoven alifanya nini? Mwaka 1905 alivuta waya za simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu, akasoma moyo wa mgonjwa aliyekuwa kitandani huko. Mwaka 1905! Leo mhudumu wa zahanati akipiga picha karatasi ya ECG kwa simu na kuituma WhatsApp kwa daktari aliyeko Kisumu, anafanya jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 100. Tofauti ni kwamba mashine sasa inaingia kwenye mkoba. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Bagi iliyodumu miaka ishirini

Hapa wana-programu wenzangu wataipenda. Mwaka 1909 na 1910 huko Vienna, Hans Eppinger na Carl Julius Rothberger walikata matawi ya umeme kwenye mioyo ya mbwa ili waone mchoro unabadilikaje. Wakapata alama ya tawi la kushoto na alama ya tawi la kulia. Madaktari wakachukua alama hizo na kuzitumia kwa binadamu moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba moyo wa mbwa haukukaa kifuani kama wa binadamu. Alama zilikuwa zimegeuzwa! Kwa miaka kama ishirini, mgonjwa aliyeharibika tawi la kushoto aliandikiwa la kulia, na wa kulia akaandikiwa la kushoto. Frank Wilson wa Michigan na wenzake ndio waliorekebisha mambo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kila mtu aliyewahi kubadilishana majina ya vigeu viwili na mfumo ukaendelea kutembea bila malalamiko anajua jinsi jambo hili linavyotokea: kosa lisiloangusha mfumo ndilo hudumu.

Katikati ya mkanganyiko huo, mwaka 1925, Carl Wiggers aliandika jambo ambalo lilisubiri miaka sabini kupata kazi. Ukiuchochea moyo mahali pasipo njia yake ya kawaida, alionyesha, misuli haikazi pamoja na msukumo unapungua. Yaani mpangilio wa umeme nao ni sehemu ya nguvu.

Programu yazaliwa

Tarakilishi ziliingia mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hubert Pipberger huko Washington alikuwa anageuza michoro ya moyo kuwa tarakimu. Lakini mimi napenda zaidi kazi ya mwaka 1985 ya Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Wisconsin. Walitaka tarakilishi ndogo itambue mlima wa QRS papo hapo, mapigo yakiingia. Njia yao mtu anaweza kuieleza kwenye karatasi moja:

1. Chuja. Ondoa mtikisiko wa misuli na mvumo wa umeme wa ukutani.
2. Pima mteremko. QRS hupanda na kushuka haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro.
3. Zidisha kila namba kwa yenyewe. Hasi zote huwa chanya, na kubwa huzidi kuwa kubwa.
4. Jumlisha kwenye dirisha la milisekunde 150 linalosogea.
5. Weka kizingiti kinachojirekebisha kadiri mapigo yanavyoingia.

Basi. Waliiandika kwa lugha ya mashine kwenye Z80, chipu ya enzi za michezo ya video ya zamani, wakisoma sampuli 200 kwa sekunde. Ilitambua mapigo kwa usahihi wa asilimia 99.3 kwenye data waliyoijaribu. Nimeiandika upya kwa Python na haikufika mistari 60.

Data waliyoijaribu ni hazina maarufu ya MIT-BIH, iliyotolewa mwaka 1980: rekodi 48 za nusu saa kila moja, kutoka kwa watu 47. Sasa unaweza kuipakua bure kwenye PhysioNet. Mimi mwenyewe niliipakua. Lakini wagonjwa hao wote walitoka Boston. Vizazi vya programu za kusoma moyo vimepimwa kwa mioyo 47 ya mji mmoja wa Marekani. Sisemi umeme wa moyo wa Mjaluo au Mkuria unapita njia tofauti. Hapana, waya ni zile zile. Magonjwa yanayoharibu waya ndiyo tofauti, na hapo ndipo tunaporudi nyumbani.

Kusini mwa Nyanza

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 kaunti ya Migori. Kwa miaka mingi historia ya afya ya eneo hili imekuwa historia ya ugonjwa mmoja. Shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay ikawa miongoni mwa hospitali za umma za mwanzo kabisa Kenya kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Uchunguzi wa mwaka 2012 huko Ndhiwa ulikuta karibu robo ya watu wazima wana virusi vya UKIMWI.

Dawa zikafanya kazi. Watu waliotarajiwa kufa wakiwa na miaka 35 wakafika 50, wakafika 60. Na mtu akifika 60 anakutana na magonjwa ya wenye miaka 60: presha, kisukari, moyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Presha isiyotibiwa hunenepesha ukuta wa moyo, kisha huutanua, na nyuzi za umeme huvutwa na kupata makovu. Ongeza homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo tangu utotoni, ongeza kina mama ambao moyo hulegea karibu na kujifungua, ongeza virusi vyenyewe.

Kuna habari njema hapa pia. Mradi wa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika vijiji 32 vya Uganda na Kenya, zikiwemo jamii za eneo hili la ziwa, ulitumia kambi za afya za kijiji kupima virusi pamoja na presha na sukari kwa siku moja, foleni moja. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba presha ilidhibitiwa kwa asilimia 47 ya wenye ugonjwa huo katika vijiji vya mradi, dhidi ya asilimia 37 kwingine. Mfumo uliojengwa kwa ugonjwa mmoja ulibeba mwingine. Mtu wa programu angesema walitumia tena msimbo uliokwisha kuandikwa.

Kuhusu moyo ulioshindwa wenyewe, kumbukumbu kubwa ya kwanza ya Afrika ni THESUS-HF: wagonjwa 1,006, hospitali 12, nchi 9 zikiwemo Kenya na Uganda, kati ya mwaka 2007 na 2010. Soma namba hizi polepole. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, wakati Ulaya na Marekani ni 70 na zaidi. Sababu kuu ilikuwa presha, asilimia 45. Mishipa ya moyo kuziba, ambako ndiko chanzo kikuu kwa Wazungu, ilikuwa chini ya asilimia 8. Na asilimia 17.8 walifariki ndani ya siku 180. ECG za zaidi ya wagonjwa 800 kati yao zilichambuliwa baadaye, na karibu zote zilikuwa na kasoro ya aina fulani. Utafiti mwingine wa kimataifa, INTER-CHF wa mwaka 2017, ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja walifariki asilimia 34 ya wagonjwa wa Afrika na asilimia 7 ya wagonjwa wa China.

Je, ucheleweshaji unaua, au unapiga kengele tu?

Hili ndilo swali lililonifanya nisome haya yote. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Rongo, alianza kuvimba miguu na kulala akiwa ameketi. Nyumbani palikuwa na minong'ono ya chira, kama kawaida. Mwishowe alipimwa, akaambiwa moyo umetanuka, na akapewa karatasi ya ECG aliyoikunja ndani ya kitabu cha nyimbo. Aliponionyesha nilihesabu miraba minne. Milisekunde 160. Akaniuliza, "Wewe unayejua mambo ya mashine, hii inasema nitaishi muda gani?"

Nilimwambia karatasi haijui tarehe ya mtu, na ni kweli. Lakini kuna yanayojulikana. Mwaka 2002 Waitaliano walichapisha habari za wagonjwa 5,517 wa moyo ulioshindwa. Robo yao walikuwa na tawi la kushoto lililoziba, na hatari yao ya kufariki ndani ya mwaka mmoja ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 70 hivi kuliko ya wengine. Mwaka huo huo utafiti wa Marekani wa wagonjwa 669 ulikuta kwamba wenye QRS ya 120 au zaidi walifariki asilimia 49, dhidi ya 34 wenye QRS nyembamba, katika miaka ya ufuatiliaji.

Hiyo ni kengele. Ili kujua kama ucheleweshaji wenyewe unaua, ni lazima uuondoe uone kinachotokea. Kidhibiti mapigo, ambacho wengi hukiita pesimeka, kilikuwa kimekuwepo tangu tarehe 8 Oktoba 1958, Åke Senning alipokipandikiza Stockholm kwa Arne Larsson, kikiwa kimetengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Larsson mwenyewe aliishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Lakini pesimeka hizo zilikuwa za moyo unaopiga polepole mno. Hazikuwa za moyo ambao pande zake hazipatani.

Mwaka 1994 madaktari Wafaransa, Serge Cazeau na wenzake, walijaribu jambo jipya: kuweka waya pande zote mbili za moyo na kuziwasha pamoja. Yaani kumwamuru mpiga kasia aliyechelewa apige sasa hivi. Mwaka 2001 kifaa cha kwanza cha aina hiyo kiliidhinishwa Marekani. Mwaka 2005 utafiti wa CARE-HF ulitoa jibu: wagonjwa 813, nusu walipewa kifaa juu ya dawa, nusu dawa peke yake. Kwa muda wa miezi 29 hivi, walifariki asilimia 20 upande wa kifaa na asilimia 30 upande wa dawa. Kwa hiyo ucheleweshaji ulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Ngoja kwanza, kuna onyo. Watu wakafikiri: kama kulinganisha pande ni kuzuri, tuwape hata wale wenye QRS nyembamba ambao picha ya moyo inaonyesha pande hazikazi pamoja. Utafiti wa EchoCRT wa mwaka 2013 ulijaribu hivyo kwa wagonjwa 809 wenye QRS chini ya 130. Ulisimamishwa kabla ya wakati. Walifariki 45 waliowashiwa kifaa na 26 ambao hawakuwashiwa. Kurekebisha ucheleweshaji usiokuwepo ni kuongeza ucheleweshaji mpya. Kila aliyewahi kuboresha sehemu ya programu isiyokuwa na tatizo anajua ladha yake.

Ndiyo maana namba zinaheshimiwa sana. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unapendekeza kifaa kwa nguvu zaidi pale tawi la kushoto limeziba na QRS ni 150 au zaidi, moyo uwe dhaifu licha ya dawa. Kati ya 130 na 149 pendekezo ni la wastani. Chini ya 130, hapana. Mraba mmoja wa karatasi unaamua.

Mraba wa karatasi na bei ya shamba

Kwa mjomba, kwenye karatasi anastahili kufikiriwa. Kwa mfuko, ni habari nyingine. Kifaa cha waya tatu ni mamia ya maelfu ya shilingi, kinawekwa na wataalamu wachache walioko miji mikubwa, na Migori iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi. Familia ilikaa kikao. Mtu mmoja akataja kuuza kipande cha shamba. Mjomba akakataa, akisema hawezi kununua miaka yake kwa udongo wa wajukuu.

Nilichojifunza, na ambacho ningependa kila familia yenye kikao kama hicho ijue, ni kwamba kifaa huja baada ya dawa. Hata CARE-HF ililinganisha kifaa pamoja na dawa dhidi ya dawa. Mwaka 1999 utafiti wa RALES ulionyesha kwamba kidonge cha zamani na cha bei nafuu, spironolakitoni, kilishusha vifo kutoka asilimia 46 hadi 35 kwa wagonjwa mahututi wa moyo. Tone hilo la asilimia 11 linafanana kwa ukubwa na lile la kifaa, japo wagonjwa hawakuwa wale wale. Dawa nyingine nazo zina ushahidi wake. Moyo ukipata nafuu kwa dawa, wakati mwingine hata kifaa hakihitajiki. Zinahitaji kumezwa kila siku, damu ipimwe mara kwa mara, na zisikatwe miguu ikiacha kuvimba. Mjomba sasa ana daftari la dawa, na analisimamia kama alivyosimamia rejista ya darasa.

Kuna mambo mawili mengine yanayonipa matumaini, na yote yanafanana na falsafa ya programu huria.

La kwanza ni pesimeka zilizotumika. Watu wa nchi tajiri wakifariki, vifaa vyao hutolewa betri ikiwa bado ina miaka. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha mradi wa kuvisafisha, kuvipima na kuvitoa upya. Matokeo yaliyotangazwa Novemba 2024 yalihusu karibu wagonjwa 300 wa nchi saba, Kenya ikiwemo. Waliopewa vilivyosafishwa hawakupata maambukizi zaidi ya waliopewa vipya katika siku 90 za kwanza. Sisi tunaotumia simu na tarakilishi za mtumba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

La pili ni njia mpya ya kuunganisha waya. Pesimeka ya kawaida huchochea upande wa kulia wa moyo, na kwa hiyo yenyewe hutengeneza ule ucheleweshaji wa kushoto. Wiggers alituonya mwaka 1925, na utafiti wa DAVID wa mwaka 2002 ukaonyesha madhara yake kwa wenye moyo dhaifu. Mwaka 2017 Weijian Huang na wenzake wa Wenzhou, China, walielezea namna ya kupitisha waya mmoja kwenye ukuta wa katikati ya moyo mpaka uguse tawi la kushoto lenyewe, mbele ya mahali palipokatika. Umeme unarudi barabara kuu. Pesimeka ya kawaida, waya wa kawaida, mahali tofauti. Majaribio makubwa bado yanaendelea, kwa hiyo tusishangilie mapema. Yakifaulu, tiba ya waya tatu inaweza kuwa ya waya mmoja au mbili, na bei ikashuka.

Kazi yetu sisi

Naona kazi ya watu kama mimi iko wapi. Mwaka 2019 Mayo Clinic walionyesha kwamba tarakilishi iliyofunzwa kwa ECG za makumi ya maelfu ya watu inaweza kukisia moyo dhaifu kutoka kwenye mchoro peke yake, bila picha ya moyo. Kwa mahali ambapo mashine ya picha iko mbali na ya ECG iko karibu, hilo ni jambo kubwa. Lakini programu hizo zinahitaji kupimwa kwa watu ambao ugonjwa wao umetokana na presha, vali na uzazi, wenye miaka 52, sio 70. Zinahitaji mashine za ECG zenye karatasi, mhudumu anayejua kubandika waya sita za kifuani mahali pake, na rekodi zinazohifadhiwa badala ya kufifia ndani ya vitabu vya nyimbo. Ni kazi za kuchosha, na ndizo zitakazoamua kama teknolojia hii itafika Muhuru Bay au itabaki kwenye mikutano ya Nairobi.

Kwa wasomaji wenye mzee nyumbani: miguu ikivimba, akishindwa kulala chali, akichoka kwa hatua chache, mpelekeni apimwe presha na ECG. Mkipewa karatasi ya ECG, ipigeni picha siku hiyo hiyo, maana mchoro wake hufifia. Na muulizeni daktari upana wa QRS ni ngapi. Ni swali halali kabisa, na jibu lake lina historia ya zaidi ya miaka 100.

Msimbo wangu wa kutambua QRS nitauweka hapa wiki ijayo pamoja na maelezo ya kuuendesha kwenye tarakilishi kuukuu. Wenye maswali au nyongeza, hasa wauguzi na maafisa wa kliniki wa huko kwetu, karibuni sana. Tuonane wakati mwingine.